Bunju hadi Bagamoyo na kurudi kwa baiskeli, mimi na binti wa miaka 9

Keria ya Nyuma (mwanzisha uzi)
Jumapili, saa 2:10 usiku

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa nimelala chali, mgongo hauko sawa, kwa hiyo makosa ya uandishi mnivumilie.

Jana nilitoka Bunju na bintiangu kwenda Bagamoyo kumsalimia mama. Kwa baiskeli, yeye ya kwake na mimi ya kwangu. Ana miaka 9, na kwa kuwa amebeba jina la mama yangu, nyumbani tunamwita Bibi. Mtasoma "Bibi" huku chini msichanganyikiwe. Bibi ndiye mdogo. Mkubwa nitamwita mama.

Chanzo ni mdomo wangu. Shule zilipofungwa nilimwambia akiweza kuzunguka mtaa wetu mara ishirini bila kushusha mguu, nitampeleka kwa somo wake kwa pedeli. Nilijua hawezi. Akazunguka ishirini na tatu. Zile tatu akasema ni nyongeza, kama anavyofanya muuza nyanya.

Mimi nina Phoenix, fremu ndefu ya chuma, tairi 28, keria imechomelewa upya. Yake ni ya mtumba, tairi 20, haina gia. Ijumaa jioni nilikaa barazani nikahesabu meno. Yake mbele 36, nyuma 18. Maana yake pedeli ikizunguka mara moja, tairi linazunguka mara mbili. Tairi la inchi 20 likizunguka mara moja unasogea kama mita 1.6, basi kila mzunguko wa pedeli ni mita 3.2. Yangu mbele 48, nyuma 20, na tairi kubwa, inatoka mita 5 na ushee. Kwa kilomita 30 mimi napiga mizunguko kama 5,600, yeye zaidi ya 9,300. Yaani nikipiga mitatu, mwenye miguu mifupi anapiga mitano. Nikaifurahia hesabu yangu, nikaifunga daftarini, nikaenda kulala. Nilipaswa kuiogopa.

Tulitoka saa 12 na dakika 40 asubuhi, jua ndiyo linachungulia. Mzigo ulikuwa maji lita 3, ndizi mbivu, karanga, pakiti mbili za ORS (ile ya kurudisha maji mwilini), pampu, viraka na solusheni, na kanga moja ya mama yake. Kanga ni ya kila kitu: kivuli, taulo, mto, pazia la haja ndogo. Mzazi asitoke bila kanga.

Barabarani yeye mbele, mimi nyuma yake kidogo upande wa kulia, ambako magari yanapita. Dereva anayetoka nyuma anaona kwanza mgongo wangu na fulana ya rangi ya chungwa, na akitaka kumfikia mtoto itabidi apite juu yangu. Mtoto ukimweka nyuma utageuka kila dakika kumwangalia, na anayegeuka anayumba. Tulikuwa na maneno matatu tu. "Kaa" ni shika pembeni usiyumbe. "Lori" ni lori. "Shuka" ni toka kabisa kwenye lami, tutajadili baadaye. Tulifanya mazoezi ya "shuka" wiki nzima mtaani mpaka majirani wakadhani namfokea.

Daraja la Mto Mpiji ndipo Dar inaishia na Pwani inaanza. Nilipomwambia, akasimama, akashuka, akaegemea ukingo akatazama maji.

"Baba, huu mto ni wa Dar au wa Pwani?"

Nikamwambia tutaulizia tukirudi. Basi la kwenda Bagamoyo likatupita likatupigia honi, akapunga mkono kama mbunge.

Mapinga tukapata pancha, ya kwangu. Ni mbigili, ile miba midogo yenye pembe. Nikageuza Phoenix miguu juu, nikatoa tairi kwa vijiko viwili vya chakula (nimerithi kwa marehemu baba, havijawahi kulia wali), nikavuta mpira. Maji ya karai hatuna. Nikamwonyesha namna mafundi wanavyojaribu kwenye valvu: unatia mate kwenye ncha ya kidole, unapaka, unasubiri kipovu. Valvu ilikuwa nzima. Basi tukaupitisha mpira taratibu karibu na shavu lake, kwa sababu shavu la mtoto linasikia kapumzi ambako kidole changu chenye sugu hakisikii. Akasema "hapa." Nikatazama, sioni kitu. Nikapaka mate, kipovu kikatoka. Kutoka hapo akajiita fundi, na nikamlipa karanga.

Kerege tulikunywa chai na vitumbua. Kuanzia hapo sijui niseme nini, tuliteleza tu. Kuna vipande alikuwa ameacha kupiga pedeli kabisa, baiskeli inakwenda, nywele zimelala mbele. Nikasema moyoni mtoto wangu ana nguvu sana. Kumbe kuna aliyekuwa anamsukuma na mimi simwoni.

Saa 4 na robo asubuhi tuko Bagamoyo. Saa tatu na dakika thelathini na tano, pancha na vitumbua ndani yake.

Ngoja nile, nitarudi.

DafuBaridi
Jumapili, saa 2:31 usiku

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Uzi bila picha lakini mkuu, haujakamilika.

Ng'wana Shy
Jumapili, saa 2:40 usiku

Hivyo vijiko viwili umenikumbusha mbali.

Sisi huku Shinyanga baiskeli ndiyo daladala, kwa jina kabisa. Mgeni akisikia "panda daladala" anatafuta gari, analetewa Phoenix yenye mto wa sponji kwenye keria. Mimi nimejifunzia baiskeli ya mzee nikiwa na miaka saba hivi, mguu mmoja umepita katikati ya fremu, makalio hewani, mwili umepinda kama mkono wa kikombe. Tandiko nililifikia darasa la sita. Mtoto wako ana tairi 20 ya saizi yake, mwambie ni tajiri.

Siku mzee akinipakia kwenda mnadani alinikalisha kwenye lile bomba la mbele, amekunja gunia akalifunga kwa mpira. Kilomita sijui ngapi, ila nakumbuka kidevu chake kichwani kwangu na harufu ya tumbaku. Miguu ikifa ganzi hakuna kusema.

Sista wa Zamu
Jumapili, saa 2:58 usiku

Kwa kuwa watu wameanza kukumbuka keria, naomba niseme la kazini kwangu, kisha niwaache muendelee.

Watoto wa baiskeli tunaowapokea majeruhi, wengi hawajagongwa na gari. Ni kisigino kimeingia kwenye spoku. Mtoto amepakiwa nyuma, miguu inaning'inia, amesinzia, tairi linauvuta mguu unabanwa kati ya spoku na fremu. Kisigino ngozi yake ni nyembamba na chini yake mara moja unakuta mfupa na ile kano kubwa ya nyuma ya mguu. Nje kidonda kinaonekana kidogo, siku tano baadaye ngozi imekuwa nyeusi na inaachia. Kinachukua wiki nyingi kupona.

Mkimpakia mtoto, avae kiatu kinachofunika kisigino, sio ndala. Awe na mahali pa kukanyaga. Na kateni ndoo ya plastiki iliyopasuka, mfunge kipande kila upande kati ya keria na tairi. Haina gharama. Ikitokea ameumia, oshea maji mengi safi yanayotiririka, funika kwa kitambaa safi, mlete siku hiyohiyo hata kama anatembea. Msipake dawa ya meno.

Mwanzisha uzi, kumwacha apande yake mwenyewe, kwa upande huo umefanya vizuri. Upande wa malori sijui nikwambie nini.

Mama Wawili
Jumapili, saa 3:05 usiku

Mimi najua nimwambie nini. Samahani kaka, nakulaumu. Barabara ile naijua, nina shamba huko. Kuna sehemu lami imelika pembeni, mtoto akikwepa shimo anaingia katikati. Madereva wa mabasi ya Kosta wanakimbizana. Wewe unaona fulana ya machungwa ni ngao? Ungepakia baiskeli kwenye gari mpaka Bagamoyo mkaendesha kule kule ndani, kuna njia tulivu tele.

Simulizi tamu, lakini simulizi huwa tamu kwa waliofika.

Keria ya Nyuma
Jumapili, saa 3:40 usiku

Dada, sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara mbili. Nitakujibu, lakini acha kwanza nimalize, maana huko mbele utapata silaha zaidi.

Tulifika kwa mama. Hodi, karibu. Bibi akamshika mkono, "Shikamoo."

"Marahaba mke mwenzangu. Mmekuja na basi gani?"

"Na baiskeli."

Mama hakujibu. Akatoka nje, akaiendea ile baiskeli ndogo, akaliminya tairi kwa kidole gumba kama anayechagua embe sokoni. Kisha akanigeukia.

"Wewe. Baba yako alikuwa na baiskeli miaka thelathini. Alikupeleka wapi?"

"Shule, mama."

"Shule ilikuwa pale."

Akaingia ndani. Nilidhani kanuna, kumbe anaongeza mchele. Wali wa nazi, changu wa kukaanga, mchicha. Bibi alikula sahani mbili akalala kwenye mkeka bila kunawa, nikamfunika kanga. Wakati huo ni saa 6. Kama ningekuwa na akili, hadithi ingeishia hapo: alale, aamke, tungeondoka saa 8 au tungelala kwa mama.

Kosa la kwanza, alipoamka akataka kuona mbuyu wa Kaole. Kule kwenye magofu, kilomita kama 5 kutoka mjini. Nikasema tano tu. Tano kwenda, tano kurudi, na sehemu kubwa vumbi na mchanga. Tairi la 20 kwenye mchanga linazama kama kijiko kwenye uji. Alikuwa anaendesha hatua ishirini, anasukuma hamsini. Hakulalamika hata kidogo, na hapo ndipo nilipodanganyika.

Kaole kuna magofu ya misikiti miwili, wa kale ni wa karne ya 13, na makaburi, mengine yana nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Kwenye nguzo kuna vishimo ambamo zamani vilipachikwa vibakuli vya Kichina. Nikampa karne, nikampa biashara ya pwani, nikampa upepo wa jahazi (angalieni nilivyokuwa na majibu!). Yeye akaingiza ngumi yake kwenye kishimo kimoja, ikaenea sawasawa.

"Waliobandika vibakuli walibakiza vya kulia?"

Akauzunguka mbuyu, akatoa maji ya mwisho kwenye chupa akamwaga kidogo kwenye shina, kwa sababu "umesimama muda mrefu". Sikumkataza. Yalikuwa maji ya mwisho lakini tulijaza mjini.

Kosa la pili, tuliondoka Bagamoyo saa 9 na nusu alasiri. Na kosa la tatu ni lile lililokuwa limetusukuma asubuhi. Tulipotoka tu nje ya mji, tukapata uwazi, upepo ukatushika kifua. Phoenix yangu inavuta kama imefungwa kamba nyuma. Asubuhi mizunguko 9,300 ilikuwa mingi lakini nusu ilikuwa ya bure. Sasa kila mmoja alikuwa anaulipia.

Nikahama nikakaa mbele yake ili nimkinge. Inasaidia kweli, unamwona anapata nafuu akikaa karibu na tairi lako la nyuma. Lakini sasa simwoni, na yuko wazi kwa magari. Nikarudi nyuma. Nikaenda mbele. Mwisho nikabaki nyuma. Kati ya upepo na lori nilichagua ale upepo.

Bintiangu huwa anaongea. Akiacha kuongea kuna jambo. Alikuwa anahesabu nguzo za umeme kwa sauti, nikasikia arobaini na moja, arobaini na mbili, kisha kimya. Nikadhani amechoka kuhesabu.

Hatujafika Kerege, ilikuwa saa 11 kasoro, akasimama. Hakuanguka wala hakuyumba. Alisimama vizuri pembeni kabisa, nje ya lami, kama nilivyomfundisha. Akawa anabonyeza kengele kwa kidole gumba. Kile kidude kinakwenda kinarudi, hakuna sauti. Mchanga wa Kaole ulikuwa umeingia.

"Baba, kengele yangu haisemi."

Akalia. Sio kilio cha kudeka. Midomo imekuwa myeupe, mikono inatetemeka, na bado anabonyeza. Nikamwambia tutaitengeneza, akalia zaidi. Nikamwambia tupumzike, akasema hataki kupumzika, anataka kengele. Nikakumbuka hajala kitu tangu saa 6 mchana na amesukuma baiskeli mchangani kwenye jua la saa 8. Mtoto haishiwi taratibu kama mtu mzima, anayeanza kulalamika goti, kisha mgongo, kisha njaa. Mtoto anakwenda, anakwenda, halafu amekatika kama umeme wa luku uliokwisha. Na kitakachotoka mdomoni sio "nina njaa". Kitakuwa kengele, soksi, au "kwa nini ulinitazama".

Nikatandika kanga chini ya mkorosho. Ndizi moja, hataki. Nikakoroga ORS, hataki. Kulikuwa na mama anauza madafu hatua mia mbili huko nyuma, nikamwacha Bibi na baiskeli mahali ninapomwona, nikakimbia. Dafu akalikubali kwa sababu alipewa kijiko cha kifuu akakombe nyama mwenyewe. Kisha ndizi ikaingia, kisha nyingine, kisha andazi la mama yangu. Dakika ishirini hivi akauliza kama mkorosho unazaa mara ngapi kwa mwaka. Nikajua amerudi.

Na hapo mzazi ndipo anapotegwa. Ukimwona amechangamka unadhani tenki limejaa, kumbe umeweka lita moja. Akasema twende. Nilitamani sana kumwamini. Jua lilikuwa limebakiza kama saa moja, njia iliyobaki na upepo ule ingetuchukua zaidi ya hapo, na taa sina. Nikamwambia tunapanda gari.

Alininunia vibaya sana. Nahisi hata sasa hajanisamehe.

Nahodha Mstaafu
Jumapili, saa 4:02 usiku

Kijana, wewe ni mtoto wa Bagamoyo halafu umemsahau kusi?

Baada ya masika kupita, kusi inashika mpaka kwenye Septemba huko. Inatoka kusini na kusini mashariki. Kutoka Dar kwenda Bagamoyo unapanda kaskazini, lazima ikusukume. Ndiyo maana wazee walipeleka majahazi Uarabuni kwa kusi wakasubiri kaskazi iwarudishe, na hakuna aliyejaribu kurudi siku ileile. Tena ongeza hili: jua likishapanda, nchi kavu inapata moto kuliko bahari, upepo wa baharini unakuja juu ya ule uliopo. Asubuhi ulipanda mgongo wa upepo uliokuwa haujaamka vizuri. Jioni ulikutana nao umeshakula chakula cha mchana.

Miezi ya kusi ukitaka twende-turudi na mtoto, anza na upande mgumu. Nenda kusini asubuhi mtoto akiwa mpya, rudi na upepo. Au mpeleke Bagamoyo kwa baiskeli, mrudi na basi. Mwezi wa kwanza na wa pili, kaskazi ikiwa imekaa, geuza.

Keria ya Nyuma
Jumapili, saa 4:09 usiku

Mzee wangu, shikamoo. Sina la kujitetea. Nimemweleza mtoto habari ya upepo wa jahazi nimesimama Kaole, na upepo wenyewe unanipiga mgongoni.

Mtukwao wa Utrecht
Jumapili, saa 4:15 usiku

Kwa faida ya wengine: huku Uholanzi watoto wa miaka 11 au 12 hufanya mtihani wa baiskeli barabarani wakiwa shule ya msingi. Anaendesha peke yake njia iliyopangwa, wasimamizi wamesimama kwenye kona wanaangalia kama ametoa mkono, ametazama nyuma, amempisha anayestahili. Wangu alifeli kona moja kwa kupunga mkono kwa rafiki yake. Lakini huku njia ya baiskeli imetengwa na ya magari karibu kila mahali, kwa hiyo Mama Wawili ana hoja. Maneno matatu ya mwanzisha uzi nimeyapenda, "shuka" nimeiiba.

Mama Wawili
Jumapili, saa 4:20 usiku

Nasubiri jibu langu na nasubiri mwisho. Mlirudije?

Keria ya Nyuma
Jumapili, saa 4:55 usiku

Kosta ya kwanza konda akasema mtoto sawa, baba sawa, baiskeli hapana. Ya pili akasema nilipe siti nne. Ya tatu haikusimama. Ikaja kirikuu, pikapu ndogo, imebeba mihogo inakwenda Tegeta. Dereva akasema elfu tano, akamtazama Bibi aliyekuwa amekaa juu ya kanga amenipa mgongo, akasema elfu tatu. Phoenix ikalala juu ya mihogo, ndogo juu ya Phoenix, tukabanana mbele, Bibi katikati na mkono wa gia kati ya magoti. Hakusema neno mpaka Mapinga. Pale penye pancha akasema "hapa nilikuwa fundi," basi.

Tulipokaribia Mpiji akaninong'oneza nimwambie dereva atushushe kabla ya daraja. Anataka kuingia Dar kwa pedeli.

Dada Mama Wawili, najua. Ilikuwa saa 12 kasoro, mwanga upo bado. Nilisita, dereva akajibu kabla yangu, akapunguza mwendo akasimama pembeni. Alishusha baiskeli zote mbili mwenyewe. Akampa Bibi muhogo mmoja, mrefu kuliko mkono wake, tukaufunga kwenye keria yangu.

Alipita juu ya daraja bila kusimama. Asubuhi alitaka kujua mto ni wa nani, jioni hata hakuutazama. Kichwa chini, anapiga tu, na kila baada ya muda kidole gumba kinagusa ile kengele bubu. Tukitoka darajani nikamwambia tuingie njia ya ndani ya vumbi tuachane na lami, akakubali bila ubishi. Kufika getini alishindwa kushusha mguu, nikamshika na baiskeli yake pamoja, nikabeba vyote viwili mpaka ndani. Mgongo umeumia hapo, sio barabarani.

Sasa jibu lako. Kuhusu kuchelewa kutoka, Kaole, upepo na kukosa taa, umenikamata, sina neno. Kuhusu kwenda kabisa, hapana, sikubali moja kwa moja. Mtaani kwetu bodaboda zinapita mbele ya geti kwa kasi ambayo kule barabarani sikuiona, na hapo ndipo anapocheza kila siku bila mtu nyuma yake. Lakini njia yako ya kupakia baiskeli mpaka Bagamoyo na kuendesha kule ndani ni nzuri kuliko yangu. Nitaifanya. Nilivyokuwa nawaza ni kwamba safari lazima ianzie mlangoni kwangu ndiyo iwe safari. Huo ni ujinga wa kiume tu.

Mama yake alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kanga yake iko wapi. Iko chini ya mkorosho, kabla ya Kerege.

Mama Wawili
Jumapili, saa 5:03 usiku

Nimecheka kwenye kanga, nimekusamehe nusu. Nusu nyingine ni ya mwenye kanga.

Ng'wana Shy
Jumatatu, saa 1:20 asubuhi

Mkuu, badilisha jino la nyuma la baiskeli ya mtoto (ile duara ya meno ya mnyororo), uweke la meno 20 au 22 kama fundi analo. Atapiga mizunguko mingi zaidi lakini kila mmoja mwepesi, na kwenye upepo ule asingeua miguu. Pia inua tandiko lake. Nina uhakika uliliacha chini ili miguu ifike chini yote miwili. Akikaa na goti limekunjwa sana anatumia nguvu za bure. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limepinda kidogo tu, vidole vya mguu ndivyo viguse chini akisimama.

Keria ya Nyuma
Jumatatu, saa 11:30 jioni

Tandiko umenipata, lilikuwa chini. Nimeliinua vidole viwili leo, anasema sasa anaona juu ya uzio wa jirani.

Fundi ameifungua kengele. Mchanga ulikuwa umeshika kwenye vile vimeno viwili vya ndani, mchache kuliko nilivyodhani, hata kifuniko cha soda haujai. Akapuliza, akatia tone la mafuta ya cherehani, ikasema. Bibi amekaa nayo tangu mchana, jirani ameshakuja kuulizia. Jino la 22 fundi hana, la 20 ataleta Jumatano.

Mama amepiga simu jana usiku na leo asubuhi. Hakutaka kuongea na mimi. Wameongea wao masomo wawili robo saa, nikasikia upande mmoja tu, "ndiyo bibi", "hapana bibi". Mwishoni akanikabidhi simu.

"Mwambie mke mwenzangu sikukuu aje na baiskeli yake, nitamtafutia kijana ampeleke Kaole kwa njia isiyo na mchanga. Wewe panda basi."

DafuBaridi
Jumatatu, saa 11:42 jioni

Picha mkuu.

Keria ya Nyuma
Jumatatu, saa 11:50 jioni

Simu alikuwa nayo Bibi njia nzima. Kuna picha thelathini na moja, ishirini na nane ni za tairi lake la mbele. Nitaweka ile ya muhogo.